Kutoka jaridani hadi kwenye riwaya

Swali: Shangazi, naandikia jarida hapa Mombasa, lakini moyo uko kwenye riwaya. Niache kazi? – Msomaji, Kibokoni

Jibu: Usiache, mwanangu! Muhammed Said Abdulla wa Unguja alihariri magazeti, kisha jarida la kilimo, Mkulima, tangu 1958 hadi alipostaafu 1968. Riwaya yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ikatoka 1960, yumo kazini bado. Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya hiyo, na kiko chake wamezaliwa na mtu wa mshahara, na hilo hunipa moyo sana. Mimi huandika alfajiri, kwa mkono, kabla feri ya Likoni haijafurika. Jarida limekuzoesha kumwacha mtu baada ya kurasa mbili. Riwaya yataka ukae naye mpaka ujue anavyofunga kikoi. Anza na huyo mmoja.