Albamu ya Pili ya Vichekesho: Usitangaze Tarehe Kabla ya Kuwa na Cha Kusema

Albamu yangu ya kwanza ya vichekesho vya jukwaani ilirekodiwa kwa usiku mmoja, lakini iliandikwa kwa miaka tisa, na tofauti hiyo sikuitambua mpaka nilipoketi kuandaa ya pili. Kila kisa kilichomo katika ile ya kwanza kilikuwa kimepita mbele ya watu mara nyingi mno, kikapunguzwa neno hapa na kuongezewa pumzi pale, na visa vilivyokuwa dhaifu vilikufa njiani bila mtu kujua kwamba viliwahi kuwapo. Albamu ya pili niliipa miezi saba. Nilikodi ukumbi, nikatangaza tarehe, kisha ndipo nikaanza kutafuta cha kusema.

Wakati huo nilijitetea kwa mfano wa Bob Newhart, mchekeshaji Mmarekani aliyewahi kufanya kazi ya uhasibu, ambaye mwaka 1960 alirekodi albamu yake ya kwanza mjini Houston akiwa hana uzoefu wa maana wa vilabu vya usiku, akatoa ya pili ndani ya mwaka huohuo, na hatimaye zote mbili zikashika nafasi ya kwanza na ya pili kwa pamoja katika chati ya Marekani. Mfano huo ni wa kweli, ila kwangu ulikuwa mtego. Newhart alikuwa na mtindo wake, yaani mazungumzo ya simu ambayo msikilizaji husikia upande mmoja tu, na mtindo huo uliweza kubeba habari yoyote. Mimi nilitegemea visa vya maisha yangu, na visa vilikuwa vimekwisha.

Visa vinapokwisha, mchekeshaji huanza kusimulia umaarufu wake. Theluthi ya rasimu yangu ilihusu viwanja vya ndege, mahojiano na watu walionisimamisha barabarani. Nilipoijaribu katika chumba cha watu wasiozidi arobaini, nilifika kwenye kisa cha hoteli iliyokosea jina langu, nikatua, nikasubiri. Mama mmoja wa safu ya mbele alitikisa kichwa kwa huruma, kama anayempa pole jirani. Kuzomewa ningekujibu, huruma ile sikuwa na jibu lake. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini siku hizi namwonea imani mgema yule, kwa kuwa huenda hakutia maji kwa kiburi: kibuyu kilikuwa hakijajaa na wateja walikuwa wameshapanga foleni.

Kwa hiyo niliahirisha, nikapoteza malipo ya awali ya ukumbi, na nakushauri ufanye vivyo hivyo ikiwa umejifunga kama mimi. Hasara ya ukumbi utaisahau. Rekodi mbaya itabaki ikisikilizwa. Tarehe ipangwe pale utakapokuwa na saa nzima ya vichekesho vilivyokwisha kuthibitishwa, na vya ziada vya dakika ishirini, maana vingine vitaanguka siku yenyewe.

Kuthibitisha nako kuna namna yake. Usijiulize tu kama watu walicheka. Jiulize walicheka kwenye neno lipi. Nilikuwa na kisa cha baba akinifundisha kuegesha gari, ambacho kilimalizika kwa sentensi ndefu niliyoipenda sana. Nilirekodi kila onyesho kwa simu iliyokuwa mfukoni, na niliposikiliza rekodi nne mfululizo nilibaini kwamba kicheko kilianza kwenye neno “polepole”, na kwamba kila nilichosema baada yake kilikuwa kikikizima. Niliikata sentensi nzima, ingawa iliniuma. Katika kipindi hichohicho ondoa kabisa visa vya albamu ya kwanza, hata wakiviomba kwa sauti, kwa sababu kisa kizee kinachopokewa vizuri hukudanganya kwamba kipya kinachofuata nacho kimepokewa.

Kuhusu kurekodi kwenyewe, chagua ukumbi mdogo. Albamu ya pili ya Steve Martin, mchekeshaji mwingine Mmarekani, ya mwaka 1978, huanzia katika klabu ya San Francisco na kumalizikia katika uwanja wa wazi wa Red Rocks, na hata mtu asiyejua jambo hilo atasikia kicheko kikibadilika kutoka cha watu kuwa cha umati. Napenda kile cha watu. Mwombe fundi sauti aelekeze vipaza sauti viwili kwa hadhira, mbali na spika, na avirekodi peke yake ili kicheko kiweze kupandishwa au kushushwa bila kugusa sauti yako. Rekodi angalau maonyesho mawili, na kila usiku nasa nusu dakika ya ukumbi ukiwa kimya, kwani utakapounganisha vipande vya siku mbili mvumo wa chumba ndio utakaokuumbua. Kumbuka pia kwamba msikilizaji hakuoni. Katika albamu ya kwanza kuna mahali ambapo ukumbi unavunjika mbavu kwa sekunde kumi kwa sababu nilikunja uso, na hadi leo watu huniuliza nilisema nini pale.

Majina ya vipande yasifichue kichekesho. Hilo halihitaji maelezo.

Hatimaye niliporekodi, usiku wa pili ulikuwa safi kuliko wa kwanza, nami nilitumia sehemu kubwa ya rekodi yake. Kisa cha baba, hata hivyo, nilikichukua usiku wa kwanza. Nilikuwa nimetua kabla ya neno la mwisho ndipo glasi ikaanguka na kuvunjika huko nyuma. Nikageuka taratibu kuelekea ilikotoka sauti, nikasema “polepole”. Fundi alitaka kuifuta sauti ya glasi wakati wa kuhariri. Nilimkatalia.