Maswali ya Wasomaji: Ile Herufi A Kifuani

Barua za safari hii karibu zote zinahusu riwaya moja, The Scarlet Letter ya Nathaniel Hawthorne, iliyotoka Boston, Marekani, Machi 1850. Kwa asiyeisoma: Hester Prynne, ambaye mumewe hajulikani aliko, amejifungua mtoto, Pearl, katika mji wa Wapuritani, Waprotestanti wa Kiingereza wenye dini kali. Anasimamishwa jukwaani kwa muda wa saa tatu mbele ya watu na kuamriwa avae herufi A nyekundu kifuani. Baba wa mtoto, mchungaji Arthur Dimmesdale, ananyamaza. Mume anatokea, anajiita Roger Chillingworth, anafanya kazi ya utabibu na kuhamia karibu na mchungaji. Majibu yetu yanataja mwisho wa hadithi, kwa hiyo anayetaka kuukuta mwenyewe aishie hapa.

SWALI: Nimeianza mara tatu, na mara zote nimekwama kwenye ule utangulizi wa Ofisi ya Forodha. Nikiuruka nitapoteza nini?

JIBU: Uruke. Ni mrefu kuliko sura yoyote ya riwaya, na una shughuli zake. Hawthorne alikuwa ofisa wa forodha mjini Salem tangu 1846, akaachishwa kazi 1849 baada ya serikali kubadilika, na humo anawachora wazee aliofanya nao kazi, wengi wao wakiwa wamesinzia vitini. Watu wa Salem walikasirika. Toleo la pili lilipotoka mwaka uleule wa 1850, aliuchapa tena bila kugusa hata neno moja. Ni kijembe kizuri, lakini kijembe humchekesha anayemjua aliyepigwa.

Anzia Sura ya 1, ambayo ni fupi mno, na kabla hujaanza tia alama Sura za 2 na 3, ya 12 na ya 23. Hizo ndizo sura za jukwaa: kwanza Hester na mtoto mchana kweupe, kisha mama, mtoto na mchungaji wakiwa gizani, mwisho hao hao watatu mbele ya mji mzima. Wanaoitupa riwaya hii katikati huwa wanangoja tukio. Matukio makubwa ni hayo, na sura nyingine zinaonyesha yanavyowafanya watu kwa muda wa miaka saba. Sura mbili kwa siku zinatosha. Zote 24 zitakwisha kwa siku 12. Ukizidisha, sentensi zake ndefu zitaanza kukupita bila kuacha kitu.

Ukimaliza, rudi Forodha utafute mahali msimulizi anapookota kitambaa chekundu na kupima miguu ya herufi, kila mmoja inchi 3 na robo. Anakiweka kifuani, anahisi joto kama la chuma kilichotoka motoni, anakiangusha. Karatasi anazodai kuzikuta pamoja nacho ni za kubuni, ingawa Jonathan Pue, anayedaiwa kuziacha, alikuwa ofisa wa kweli.

SWALI: Tunasoma kwa kikundi. Mmoja anasoma Kiingereza na kututafsiria papo hapo. Tumebishana: hiyo A tuiite nini, wakati kwa Kiingereza ni ya “adultery”, yaani uzinzi, na uzinzi hauanzi na A?

JIBU: Msiiite chochote. Hawthorne mwenyewe hakuliandika neno hilo hata mara moja katika riwaya nzima. Anasema herufi, alama, dhambi, fedheha, na kumwachia msomaji amalizie. Mtafsiri anayeingiza “uzinzi” ukurasa wa kwanza amekwisha kufunga mlango ambao mwandishi aliuacha wazi makusudi.

Tunajua kishawishi kilichopo: Kiswahili kina “aibu”, nalo linaanza na A. Linavutia, lakini linaharibu. Aibu ni macho ya watu. Dhambi ni jambo lako na Mungu wako, au na dhamiri yako. Riwaya hii imejengwa juu ya mwanya kati ya hayo mawili. Hester ana aibu yote, na kwa miaka mingi haieleweki kama anajuta kwa kitendo chenyewe. Dimmesdale hana aibu hata chembe, mji unambusu mkono, na dhambi inamla. Mkiifanya A kuwa Aibu mtakuwa mmemfuta mchungaji katika kitabu chake.

Mtego wa pili uko Sura ya 13. Hester ameuguza wagonjwa na kulisha maskini hadi watu wanasema A ile ni ya neno la Kiingereza “able”, lenye maana ya mwenye uwezo. Hapo Kiswahili kimetupa bahati: “Aweza”. Litumieni.

SWALI: Samahani, lakini Dimmesdale ni mwoga tu. Kwa nini tulazimishwe kumhurumia?

JIBU: Hakuna anayekulazimisha. Msimulizi mwenyewe, Sura ya 11, anamwita mnafiki, ingawa mwenye majuto. Angalia anavyofanya: anapanda mimbarini na kusema kwamba yeye ndiye mwovu kuliko waovu wote. Waumini wanasikia unyenyekevu, wanazidi kumtukuza. Naye anajua watasikia hivyo. Amekiri kwa maneno yanayomlinda, na hapo ndipo msomaji wa leo anapopaswa kunyooshea kidole, maana maungamo ya jumla jumla bado yanauzika vizuri.

Usiku anajichapa kwa mjeledi, anafunga mpaka magoti yanatetemeka, anakesha. Hayamsaidii. Sababu anaitoa mwenyewe msituni, Sura ya 17, na mkitafsiri kuweni waangalifu, kwa sababu Kiingereza chake kinatumia maneno mawili yanayofanana, “penance” na “penitence”, na sisi huenda tukaandika “toba” kote. Tenganisheni: kitubio, yaani mateso ya kulipia, amekifanya hadi kupita kiasi, toba hajaifanya hata siku moja. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kwake methali hii inatimia jinsi ilivyo: anakufa palepale jukwaani, dakika chache baada ya kusema.

Rudia pia hotuba yake ya Sura ya 3, anapoamriwa amshawishi Hester amtaje mwenzake. Isome kwa sauti ukijua nani anasema. Kila sentensi ina masikio mawili: mji unasikia mchungaji akionya, Hester anasikia mtu akimwomba afanye lile ambalo yeye hana ujasiri wa kulifanya.

Wengi mmeuliza kama kweli alikuwa na A mwilini. Sura ya 10 Chillingworth anamfunua kifua akiwa usingizini, nasi hatuambiwi alichoona. Sura ya 24 inatoa maelezo matatu ya ilikotoka (alijichora, dawa za tabibu, au majuto yaliyotafuna kutoka ndani), kisha inaongeza kwamba walikuwapo walioapa hawakuona kitu. Anayewaambia ameshapata jibu amesoma muhtasari.

SWALI: Hester alikuwa huru kuondoka. Kwa nini akabaki kudhalilishwa? Na kwa nini anarudi mwishoni? Nilitaka kukitupa kitabu.

JIBU: Hasira yako iko mahali pake, na mwandishi alishaiona. Sura ya 5 inasema Hester alijiaminisha kwamba anabaki ili kulipia kosa pale pale alipolitenda, na papo hapo msimulizi anaongeza kwamba nusu ya hiyo ni kweli na nusu ni kujidanganya. Nusu ya pili inavaa kanzu ya mchungaji.

Tazama mikono yake pia. Alipewa amri ya kuvaa herufi, hakuambiwa aipambe. Akaishona kwa kitambaa kizuri chekundu na kuidarizi kwa nyuzi za dhahabu. Kisha akawa mshonaji wa mji: kola za gavana, nguo za vichanga, sanda. Kitu kimoja tu hawakumpa kamwe, shela la bibi harusi. Jambo hilo moja linasema juu ya Wapuritani kuliko mahubiri yote yaliyomo.

Anaporudi mwishoni hakuna hakimu anayemtaka avae A. Anaivaa kwa hiari, na wanawake wenye mioyo iliyovunjika wanakuja kwake kuomba ushauri. Huenda bado hutaridhika, na si lazima. Ila tofautisha kurudi huku na kule kubaki kwa mwanzo. Anayeviweka fungu moja huishia kumwona mjinga.

SWALI: Je, sheria ya herufi ilikuwapo kweli?

JIBU: Ilikuwapo, ila si Boston ya wakati huo. Riwaya inaanza Boston mwaka 1642. Wakati huo adhabu ya uzinzi katika Massachusetts, koloni lenye mji wa Boston, ilikuwa kifo, na mwaka 1644 Mary Latham na James Britton walinyongwa kwa kosa hilo. Sura ya 3 inalijua hilo: mtu wa mjini anaeleza kwamba mahakimu wamemhurumia Hester kwa kuwa mumewe huenda yuko chini ya bahari. Plymouth, koloni jirani, iliweka herufi AD mwaka 1658, na Massachusetts herufi A mwaka 1694. Msiitumie kama kitabu cha historia. Hata Gavana Winthrop wa Massachusetts, aliyefariki Machi 1649, humu anafariki mwezi Mei.

SWALI: Si sawasawa na watu wanavyoanikwa mitandaoni leo?

JIBU: Nusu. Kinachofanana kiko Sura za 5 na 22: kila jicho geni linaichoma herufi upya, hata baada ya wenyeji kuizoea. Kisichofanana ni kwamba A iligeuka kuwa Aweza kwa sababu majirani walewale walimwona kila siku kwa miaka saba, akibeba chakula na kukesha na wagonjwa. Umati wa mtandaoni hutawanyika kesho yake, na hauoni sura ya 13 ya mtu yeyote.

SWALI: Nimetazama filamu ya 1995. Inatosha kwa mtihani?

JIBU: Haitoshi. Humo Hester na mchungaji wanaondoka mjini wakiwa hai, pamoja. Kitabuni wanalala makaburini, na hata huko kuna nafasi kati ya kaburi na kaburi, juu yao jiwe moja lenye herufi moja.