Filta ya nje na baridi ya Minnesota: blanketi halitoshi, mkuu

Mkuu, umeuliza kama filta zako mbili za maji ya kisima, zile zilizofungwa nje kwenye ukuta wa banda, zitatoboa hadi Aprili ukizivika blanketi na kuzungushia nailoni, maana muuzaji dukani kakwambia wenyeji wote hufanya hivyo. Hazitatoboa, zitatoboka. Nasema hivyo kwa sababu blanketi hilo nilishalivisha mimi.

Natokea Makete, huko milimani kusini mwa Tanzania. Kwetu mwezi wa sita na wa saba unaamka unakuta sakitu imelala juu ya majani ya viazi, nyeupe kama chumvi, na ndoo iliyolala nje imeota kigamba cha barafu. Ikifika saa nne jua limeshakula vyote. Basi nilipohamia huku Minnesota, Marekani, nilijiona mjuzi wa baridi, watu wa Dar wakilalamika mimi nacheka. Kumbe baridi ya kwetu inagusa ngozi ya maji tu. Ya Minnesota inaingia hadi moyoni na inakaa wiki nzima. Usiku wa nyuzi -25 za Selsiasi si habari ya gazeti hapa.

Blanketi halina joto lake. Wewe ukijifunika unapata joto kwa sababu mwili wako ndio jiko, blanketi linazuia tu joto lisitoroke. Filta haina jiko. Usiku mmoja wa -2 blanketi litakusitiri, lakini siku tatu mfululizo za -20 ubaridi utapenya tu, hata ukivika magodoro.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na vikombe viwili vya plastiki ya bluu kama vyako, kimoja cha kukamata mchanga na kutu, kingine cha mkaa. Nikafunga koki ya kuingilia na ya kutokea, nikavika blanketi mbili, nailoni, kamba ya katani, kazi safi kabisa. Majira yote nikipita pale naviona vimetulia, nikajipongeza. Mwisho wa Machi nikafungua maji. Sindano ya maji ikanipiga shavuni. Nikapapasa kikombe kwa kidole gumba nikakuta ufa mwembamba kama unywele, umetoka kitakoni ukapanda hadi karibu na nyuzi za kufungia. Cha mkaa nacho kilikuwa kimepasuka kitako.

Maji yakiganda yanaongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9. Kikombe kimejaa pomoni, koki umezifunga pande zote mbili, sasa hiyo nyongeza iende wapi? Na ubaya wake ni kwamba barafu yenyewe ndiyo inayoziba ufa iliouchana, kwa hiyo huoni kitu mpaka iyeyuke.

Kwa hiyo acha kupigana na baridi, ondoa maji. Mimi siku hizi nafanya mwishoni mwa Septemba, maana Oktoba ikiingia tu usiku unaweza kushuka chini ya sifuri bila taarifa. Naanza ndani ya nyumba, nafunga koki ya laini inayotoka nje. Kisha nafungua bomba la mwisho huko bustanini ili presha ishuke, nabonyeza kile kitufe chekundu juu ya kichwa cha filta, yaani kile kipande cha juu ambacho kikombe hujifunga kwake, mpaka kiache kufoka, ndipo nafungua vikombe kwa rinchi yake ya plastiki. Usitumie rinchi ya chuma, utakwangua. Namwaga, nafuta, naingiza vikombe ndani pamoja na oringi zake, zile raba za duara za kuzuia maji yasivuje. Vichwa vinabaki ukutani vikiwa wazi, nimevifunika kitambaa tu panya wasiingie. Maji yaliyojificha kwenye bomba nayafukuza kwa kompresa kwa presha ndogo, psi 30 hivi, mpaka itoke hewa kavu.

Mwaka wa pili nilifanya yote hayo na bado koki ilipasuka. Ilikuwa ile koki ya gololi, ya mkono wa robo mzunguko. Ukiifunga, maji kidogo yanabaki ndani ya tundu la gololi, yamefungiwa huku na huku. Hayo kidogo yanatosha kupasua shaba. Baada ya kumwaga kila kitu, acha mkono wa koki za nje katikati, usiwe wazi wala usifungwe, ili na hayo yapate njia. Hakuna fundi aliyeniambia, nimejifunza kwa hela yangu.

Kuhusu filta zenyewe, zile zinazokaa ndani ya vikombe: ya mchanga nikiitoa natupa, bei yake haina maana ya kuitunza. Lakini kama una ile ya nyuzi laini zenye matundu yasiyoonekana, wanayotumia wapiga kambi, ikiganda mara moja tu ikiwa mbichi, itupe. Nyuzi hukatika na kwa macho utaiona nzima, kumbe inapitisha vijidudu vya magonjwa. Hiyo mimi naiweka kabatini jikoni kabla ya kitu kingine chochote.

Umesema pia una kuku wanaohitaji maji majira yote. Hapo hadithi inabadilika. Laini ya kudumu lazima ipite chini ya kina cha kuganda kwa udongo. Kanuni za ujenzi za jimbo hili zinataka msingi uende inchi 42 kusini na inchi 60 kaskazini, basi tumia kipimo hichohicho, na juu uweke bomba la shambani ambalo vali yake iko chini kabisa na linajimwaga lenyewe kwenye kokoto kila ukifunga. Filta yenyewe ihamishie ndani. Wapo wanaozungushia tepu ya umeme ya kupasha joto. Inafanya kazi, ila chukua inayojirekebisha yenyewe, usiipishanishe juu ya nyingine, na soketi iwe ya kujikata umeme ukivuja. Banda lina nyasi kavu, mkuu. Na umeme ukikatika usiku wa dhoruba umerudi kwenye blanketi.

Dawa ya kuzuia kuganda usiweke kwenye laini ya kunywa. Ya gari ni sumu kabisa. Ile ya waridi ya magari ya kulala haina sumu kali, lakini mkaa wa filta utainywa na utaionja hadi Juni.

Na mpira wa bustani uchomoe leo, usisubiri. Hata lile bomba la ukutani linalouzwa kwamba haligandi, ukiliachia mpira halijimwagi, linapasukia ndani ya ukuta.

Tupia picha ya vichwa vya filta zako nione kama vina kitufe chekundu. Kama havina, presha tutaishusha kwa njia nyingine, nitakuelekeza.