Jibu: Je, 4,294,967,297 ni namba tasa?
Shikamoo mwalimu. Umeuliza kama 4,294,967,297 ni namba tasa, maana wanafunzi wako pale Ujiji wameigawa kwa namba tasa zote hadi 100 wakatoka patupu. Si tasa. Ni 2 kwa kipeo cha 32, ukiongeza 1. Mwanahisabati Mfaransa Fermat, karne ya 17, aliamini ni tasa. Mwaka 1732 mwanahisabati Mswisi Euler akaonyesha kuwa inagawanyika kwa 641.

Utamu wenyewe uko kwenye njia. Kigawo chochote tasa cha namba hii, ukikigawa kwa 64, lazima kibakize 1. Kwa hiyo achaneni na 3, 7, 11 na wenzao. Jaribuni 193, 257, 449, 577, kisha 641. Majaribio matano tu! Mkigawa kwa 257 itabaki 2, waache wahakiki wenyewe. Kwa 641 mtapata 6,700,417 kamili, nayo ni tasa, basi hakuna cha kugawa tena.

Huku Tabora swali hili siwaruhusu vijana kutumia kikokotoo. Nataka wagawe kwa kalamu, mstari kwa mstari, mpaka baki liwe sifuri mbele ya macho yao.