Maswali na Majibu: Simu umenunua wewe, kwa nini hufuti usichokitaka?

Safari hii nimechagua maswali ya fungu moja tu: programu zinazokuja na simu kutoka kiwandani. Yamekuwa mengi, na ni jambo nililolisema muda mrefu na nitaendelea kulisema. Sitaeleza tena namna ya kuingia Mipangilio wala tofauti ya RAM na hifadhi ya ndani. Anayesoma hapa nachukulia anazijua.

Kaka, nimenunua simu Kariakoo, imeandikwa GB 32. Nimeiwasha tu, sijapiga hata picha moja, inaniambia GB 13 zimeshatumika. Nimepigwa?
*Msomaji, Mbagala*

Kwa hilo hujapigwa. Mfumo wa Android, pamoja na programu alizopakia mtengenezaji, hukaa kwenye sehemu ya hifadhi iliyofungwa, na GB zilizoandikwa kwenye boksi huhesabu sehemu hiyo pia. Ndiyo maana ukizima programu ya kiwandani, nafasi yake ya awali hairudi kwako. Kinachorudi ni masasisho. Programu ikishasasishwa, toleo jipya hukaa upande wako na la zamani hubaki kule kwenye mfumo, kwa hiyo unabeba mawili. Ukibonyeza Zima, simu itakuuliza kama irudishe toleo la kiwandani. Kubali. Programu iliyozimwa haijisasishi tena, na bando lako litapumua.

Ila kwa kuwa umenunua bila kuuliza, hakikisha jambo jingine. Bonyeza *#06#, chukua namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, itume kwa SMS kwenda 15090, kisha linganisha aina ya simu utakayojibiwa na uliyoshika mkononi. TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ilizima simu bandia Juni 2016, na mpaka leo watu wanalipa kwanza ndipo wahakiki. Zipo simu ambazo Mipangilio inaonyesha GB 256 na ndani mna 16. Huko ndiko kupigwa.

Facebook naifuta, baada ya siku chache naikuta imerudi. Simu ni Samsung. Nifanyeje, mwanangu?
*Mama wa Tabata*

Shikamoo mama. Hukuifuta, uliizima au uliondoa masasisho yake tu. Nyuma yake kuna nyingine tatu ambazo hazina alama kwenye ukurasa wa mbele: Facebook App Installer, Facebook App Manager na Facebook Services. Kazi yake ni kuisakinisha Facebook na kuisasisha. Fungua orodha ya programu zote, chagua zionekane na za mfumo, uzime zote tatu pamoja na Facebook yenyewe.

Januari 2019 shirika la habari la Bloomberg liliandika juu ya wenye simu za Samsung waliokuwa na shida hiyo hiyo, na Facebook ikajibu kwamba programu ikizimwa ni sawa na iliyofutwa, haikusanyi wala kutuma taarifa. Mimi sikubali kwamba ni sawa. Kitu kilichofutwa hakihitaji ahadi ya mwenye nacho.

Kwa nini iwekwe kwa nguvu hivyo? Kwa sababu mahali pale pana thamani ya fedha, na watu wengi hawabadilishi walichokikuta kwenye simu. Katika kesi ya Marekani dhidi ya Google hesabu zilitoka hadharani: mwaka 2021 Google ililipa dola bilioni 26.3 ili iwe chaguo la kwanza la kutafutia kwenye simu na vivinjari vya kampuni nyingine. Mwaka 2022 Apple peke yake ilipokea dola bilioni 20. Hapo hatuzungumzii hata programu kamili, ni kisanduku cha kutafutia tu. Simu ya bei nafuu ina faida ndogo kwa mtengenezaji, kwa hiyo huuza na nafasi iliyomo ndani yake. Wewe unanunua simu, na kuna mwingine ameshanunua sehemu yake kabla haijafika bandarini.

Programu gani nzuri ya kusafisha simu na kuongeza kasi?
*Wengi*

Hakuna. Nimeshalijibu hili, na sitalijibu tena. Unalalamikia programu usizozihitaji halafu unapakua nyingine ya kukuonyesha matangazo.

Kila siku tunasikia Google, Apple, Microsoft na Samsung wanashtakiana juu ya programu hizi. Sisi wa Temeke tunanufaika nini na ugomvi wao?
*Msomaji, Temeke*

Swali hili nimelingoja. Jibu fupi: mpaka sasa tunanufaika kidogo sana, na sababu yake iko kwetu.

Ugomvi ulianzia kwenye kompyuta. Mwaka 1998 serikali ya Marekani iliishtaki Microsoft kwa kuifunga Internet Explorer ndani ya Windows na kumbana mpinzani wake Netscape. Ulaya nayo ikaiandama: mwaka 2004 faini ya euro milioni 497, ambapo moja ya makosa lilikuwa kuifunga Windows Media Player ndani ya mfumo, na mwaka 2013 euro milioni 561 kwa sababu iliacha kuwaonyesha watu ukurasa wa kuchagua kivinjari kama ilivyoahidi. Mwaka huo huo wa 2013 umoja wa kampuni uitwao FairSearch ulipeleka malalamiko Ulaya dhidi ya Android. Ndani ya umoja huo alikuwemo nani? Microsoft. Kampuni iliyotozwa mamilioni kwa kulazimisha programu zake ndiyo iliyosimama kulalamika kwamba mwingine analazimisha za kwake. Leo ukifungua Samsung mpya unaikuta OneDrive, programu ya Microsoft ya kuhifadhi mafaili mtandaoni, imeshakaa humo. Kwa hiyo usimchukulie yeyote kati yao kuwa mtetezi wako. Mpinzani anapodai programu ya mwenzake iondolewe, anataka kukaa yeye.

Lakini malalamiko yale yalizaa matunda. Julai 2018 Tume ya Ulaya iliitoza Google euro bilioni 4.34. Kosa mojawapo: mtengenezaji aliyetaka Play Store alilazimika kuweka pia Google Search na Chrome. Septemba 2022 mahakama ilipunguza faini mpaka euro bilioni 4.125, ila hoja kuu ikabaki. India ilifuata Oktoba 2022 kwa faini ya rupia zaidi ya bilioni 13, na Google ikalazimika kuwaruhusu watengenezaji wa huko wachague programu moja moja badala ya kubebeshwa furushi zima. Korea Kusini ilishatoa mwongozo tangu 2014 kwamba programu zisizo za lazima ziwe zinafutika.

Kisha Ulaya ikatunga Sheria ya Masoko ya Kidijitali, ambayo wakubwa walianza kubanwa nayo Machi 2024. Sheria hiyo inasema waziwazi kwamba mtumiaji aweze kuondoa kwa urahisi programu aliyoikuta, isipokuwa zile ambazo simu haiwezi kufanya kazi bila hizo. Matokeo yake, tangu mwishoni mwa 2024 mwenye iPhone akiwa Ulaya anaweza kufuta Safari, hata App Store yenyewe. Wewe na iPhone yako hapa Dar huwezi. Simu ni ile ile na mfumo ni ule ule. Jambo ambalo huku haliwezekani liliwezekana kule sheria ilipotaka.

Sasa njoo nyumbani. Tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza mwenye nguvu sokoni kuitumia vibaya nguvu hiyo, na tuna Tume ya Ushindani, FCC, ya kuisimamia. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na tume yake, PDPC. Tuna TCRA. FCC wamezoeleka kwa bidhaa bandia, na kazi hiyo ni njema. Nataka nione siku wanamwita mwagizaji wa simu na kumuuliza: hizi programu zisizofutika ni za nani, amekulipa kiasi gani, na mnunuzi aliambiwa lini? Mtu wa Temeke ananunua bando kwa fedha yake, kisha sehemu ya bando hilo inasasisha programu ambayo hakuiomba na hawezi kuiondoa. Hilo ni suala la mlaji, na mlaji ana chombo cha kumtetea. Andikeni malalamiko huko, kwa maandishi, na mbaki na nakala. Barua mnazoniletea mimi haziwezi kumwajibisha mtu.

Fundi wangu anasema ataiflash simu iwe safi kabisa, haina takataka. Nimpe?
*Msomaji, Kimara*

Usimpe. Kuflash ni kuondoa mfumo uliomo na kuweka mwingine. Wasomaji wanaoniuliza hili hawasemi kamwe ni faili gani fundi ataweka wala kalitoa wapi, kwa sababu hawakuuliza. ROM, yaani faili la mfumo mzima, iliyookotwa mtandaoni inaweza kuja na wadudu wabaya kuliko hiyo Facebook. Kufungua kufuli la mfumo ili iwekwe ROM hiyo hufuta kila kitu chako, dhamana huwa shakani, na programu nyingi za benki hukataa kufanya kazi kwenye simu iliyofunguliwa hivyo.

Kama una kompyuta, kuna njia ya ADB, chombo cha kuiamrisha simu kutoka kwenye kompyuta. Unawasha utatuzi wa USB kwenye chaguo za wasanidi, unaunganisha waya, unaiondoa programu kwa mtumiaji wa simu bila kugusa mfumo. Nafasi ya mfumo hairudi, ila programu hutaiona wala haitajiwasha, na ukiirudisha simu kama ilivyotoka kiwandani itakuwepo tena. Ondoa moja, tumia simu siku mbili tatu, ndipo uguse nyingine. Anayenakili orodha ndefu ya mtu mwingine na kuifuta yote kwa mkupuo atabaki na simu isiyowaka mpaka ifutwe upya.

Salio linakatwa na sijajiunga na huduma yoyote. Simu ni mpya. Je, inawezekana tatizo limetoka nayo dukani?
*Msomaji, Gongo la Mboto*

Inawezekana, na imeshatokea Afrika. Agosti 2020 watafiti wa kampuni ya Upstream walieleza kwamba simu za Tecno W2 katika nchi kama Ghana, Kameruni, Misri na Afrika Kusini zilikutwa na Triada na xHelper. Ni programu hasidi zilizokuwa zikijaribu kuwaunganisha watu na huduma za kulipia kimyakimya. Kampuni mama, Transsion, ilisema lawama ni ya mmoja wa wasambazaji wake na kwamba dawa ilishatolewa. Mwaka mmoja kabla, watafiti walichambua simu zaidi ya 1,700 za watengenezaji zaidi ya 200, wakakuta programu za kiwandani zenye ruhusa ambazo mwenye simu hakuulizwa kamwe. Januari 2020 Privacy International na mashirika mengine zaidi ya 50 waliiandikia Google wakitaka programu hizi zifutike moja kwa moja.

Kwako wewe: kwanza piga huduma kwa wateja wa mtandao wako, wakutajie huduma ulizounganishwa nazo na wakutoe. Pili, fungua mipangilio ya Play Store, sehemu ya kuhusu, uone kama simu yako imeidhinishwa na Play Protect, ulinzi wa Google dhidi ya programu hasidi. Kama haijaidhinishwa, irudishe dukani na risiti. Kama hukuchukua risiti, safari nyingine chukua.

Nimemaliza kulipa simu ya mkopo lakini programu ya kuifunga bado imo. Ni haki?
*Msomaji, Buza*

Si haki. Wakati wa deni programu ile ni sehemu ya mkataba, na anayejaribu kuing'oa anajitafutia kesi. Deni likiisha, sababu ya kukaa kwake imeisha. Dai kwa maandishi iondolewe, taja tarehe ya malipo ya mwisho, na wakikaa kimya peleka PDPC, maana programu hiyo inaijua simu yako kuliko unavyodhani. Nyie mnaonunua simu zilizotumika kwa bei ya kutupa pale mtaani, wengi mnauziwa deni la mtu. Itawaka wiki mbili, kisha itajifunga.

Kwa nini serikali isiamuru kila simu inayoingia nchini ije na programu za Kitanzania? Si ndiyo uzalendo?
*Msomaji, Ubungo*

Hapana. Urusi ilifanya hivyo kwa sheria kuanzia 1 Aprili 2021, na Septemba 2025 ikaongeza programu ya ujumbe ya MAX. India mwishoni mwa 2025 iliamuru simu zote zije na programu ya serikali ya Sanchar Saathi, wananchi na wapinzani wakapiga kelele, amri ikaondolewa ndani ya siku chache. Programu nisiyoweza kuifuta inabaki kuwa kero hata kama imeandikwa na kijana wa Sinza. Kijana huyo namtakia atengeneze kitu ambacho watu watakipakua wenyewe. Na ikiwa leo tutaidhinisha serikali ipachike ya kwake, kesho tutasimama wapi kumwambia mwagizaji aondoe za wengine?

Niliposoma ushauri wako nilizima Huduma za Google Play. Sasa ujumbe wa WhatsApp unachelewa na ramani haifunguki.
*Msomaji, Kigamboni*

Ushauri huo haukutoka kwangu. Iwashe tena leo, pamoja na Android System WebView, inayofungua kurasa za mtandao ndani ya programu nyingine, kama nayo uliizima.