Muulize Mwalimu: "Akili yangu hutoroka darasani kabla ya wanafunzi"

*Shikamoo Mwalimu. Ninafundisha Hisabati darasa la tatu huku Kondoa, wanafunzi 84. Nina kijana hakai: mara yuko chini ya dawati, mara kamnyang'anya mwenzake kifutio. Kila mwalimu wa zamu amemchapa. Nina binti pia, yeye katulia kabisa, ila ukimwita hashtuki mpaka mara ya tatu. Tabu ni kwamba na mimi niko hivyo hivyo tangu utoto. Naanza mfano ubaoni, mawazo yananichukua, nikirudi sijui nilikuwa nafundisha nini. Mtu kama mimi atawasaidiaje hawa?*
*Mwalimu mpya, Kondoa*

Marahaba mwanangu. Barua yako nilianza kuisoma asubuhi, nikaimalizia jioni baada ya kuikuta kwenye ndoo ya unga. Kwa hiyo unaongea na mwenzio. Daktari aliniambia nina ADHD, hali ya ubongo inayofanya kutulia na kukaza mawazo kuwe kugumu, nikiwa nimeshapita miaka 50. Kabla ya hapo niliitwa mvivu, msahaulifu na mengine ambayo mhariri hatayachapa.

Tuanze na binti, maana yeye ndiye atakayesahaulika. Kijana anayelala chini ya dawati kila mtu anamwona. ADHD ina sura ya kuhangaika na sura ya kuzubaa, na wasichana wengi wanaangukia hii ya kuzubaa: hawasumbui mtu, basi wanavuka darasa hadi darasa bila kusoma. Lakini usimbandike jina bado. Simama nyuma yake, ziba mdomo kwa daftari, mwite kwa sauti ya kawaida. Mwenye usaha au nta masikioni huenda asigeuke. Halafu mtazame anavyozubaa. Kama anaganda sekunde chache, macho wazi, katikati ya neno, kisha anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, huenda ni kifafa cha aina isiyoangusha mtu, nacho kina dawa. Mwite mzazi, ampeleke hospitali. ADHD yenyewe huanza kuonekana kabla ya miaka 12, hudumu miezi 6 au zaidi, na huonekana nyumbani kama inavyoonekana shuleni. Mtoto anayezubaa kwako tu, na kwa mwalimu wa Kiswahili ni hodari, basi kitazame kipindi chako. Nakwambia kwa upendo.

Sasa kipindi. Dakika 40 ni nyingi mno kwako na kwao, na hiyo ndiyo faida yako: unajua mapema ni wapi watapotea, kwa sababu ndipo unapopotea wewe. Kila nilichokitengeneza ili nisipotee mimi kiliwafaa na wao. Kona ya kushoto ya ubao nilipiga mstari, nikaandika mambo matatu: mfano, maswali mawili, kusahihisha. Jambo likiisha, mtoto mmoja anakuja kulifuta. Huyo mfutaji ndiye kijana wako. Anapata ruhusa ya kusimama, tena kwa kazi yenye maana. Nikisahau tulipo, natazama kona. Naye aliyetoka msalani anatazama kona hiyo hiyo. Simu yangu ya kitochi ilitetema mfukoni kila dakika 10 kunirudisha. (Wapo walimu wakuu wasiotaka kuona simu darasani. Omba ruhusa kwanza.) Na niliwaambia wanafunzi wazi: mwalimu wenu akipotea, anayejua tulipo anyooshe mkono. Kazi hiyo mpe binti, kwa zamu na jirani yake. Atafuatilia, maana anasubiri kukukamata.

Kisha lifungue daftari la kijana. Sioni kutoka huku, lakini sitashangaa ukikuta mamoja yamehamia kwenye makumi. Mpe 347 kujumlisha 286. Anajua 7 na 6 ni 13. Ile 3 kaiandika pasipo pake, na moja ya kubeba imepotea njiani. Ligeuze daftari la mistari likae kiubavu, ili mistari isimame wima. Hapo kila tarakimu ina njia yake: mamoja kulia, makumi katikati, mamia kushoto. Ile moja ya kubeba aiandike juu kabisa ya njia ya makumi, na ile inayofuata juu ya njia ya mamia, kwa penseli ya rangi kama ipo. Itatoka 633. Mzazi mwenye uwezo atanunua daftari la miraba, lakini hili halihitaji senti. Maswali ya chini yafunike kwa karatasi, aone moja tu. Mpe matano wenzake wakifanya kumi. Akiyapata matano, kumi ya nini?

Na fimbo. Kanuni za viboko unazijua: ni ya mwalimu mkuu au aliyemteua kwa maandishi, siyo ya kila aliye zamu. Mimi naongeza hili tu, kwamba mtoto mwenye hofu atatulia, ndiyo, ila mwulize saba mara nane uone.

Ukitaka kusoma zaidi, Chuo cha Ualimu Patandi kule Arusha kinafundisha walimu wa elimu maalumu. Fomu ijaze siku hiyo hiyo unayoipata. Unajijua.

*Mwalimu, mimi ni mwalimu mkuu. Nina mwalimu ambaye watoto wanampenda na wanafaulu, lakini Jumatatu hana andalio la somo. Afisa elimu kata akija, aibu ni yangu. Nimwandikie barua ya onyo?*
*Mwalimu mkuu, Iringa*

Barua ataiweka mahali pazuri na hataiona tena. Ijumaa mchana, kabla hajatoka getini, mkalishe meza moja na mwalimu mwingine anayeandika maandalio yake, waandike pamoja mpaka wamalize. Usimsimamie, wala usimwambie "jitahidi", kwa sababu kujitahidi anajitahidi kuliko wewe. Kuna watu ambao kalamu haitembei mpaka pembeni pawe na kalamu nyingine inayotembea.

Muhula ukiisha hajabadilika, mwandikie hiyo barua. Nakala moja ibandike kwenye kabati lake la chaki, kwa ndani ya mlango.