Re: Kanisa letu lipo Manzese ila mtaa hautaki kutusikia, tufanyeje?

Bwana asifiwe mtumishi. Nimekusoma, mmefunga spika wiki nzima, mmehubiri mpaka sauti zimekauka, wageni hakuna na majirani wamenuna. Kwanza usiku zimeni hizo spika, mtu katoka Kariakoo kapigwa jua kutwa anataka alale, na malalamiko ya kelele yakifika NEMC, wale wa baraza la mazingira, mtasumbuka bure.

Halafu nendeni kwa mjumbe wa mtaa mumuulize nani anaumwa, nani kafiwa. Sisi huku tulianza na misiba tu, vijana wanabeba viti na maturubai ya kanisa, kina mama wanaingia jikoni kumenya vitunguu, hakuna mahubiri, awe Mwislamu awe Mkristo wote sawa, baadae watu wakawa wanatuita wenyewe. Ila kugawa unga huku mnapiga picha za kurusha Instagram, hapana jamani, mnawaaibisha watu.

Kwa watoto wa mtaani ndo muwe makini sana, usimlaze mtoto kanisani kienyeji hata kama huruma imekuzidi, nendeni kwa afisa ustawi wa jamii au pigeni 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, ni bure.